Jinsi ya Kununua Ndege za Kivita Ukiwa Nyamarambe

Nyamarambe, kule Mugirango Kusini huko Kisii, ina soko, ina ofisi za serikali, ina miwa, ina migomba, na ina vijana wenye vyeti kuliko kazi zilizopo. Kilichopungua ni jeshi la anga. Mwongozo huu unaziba pengo hilo, na hauna haja ya kubahatisha, kwa sababu Nairobi na majirani zake wamenunua ndege za kivita kwa zaidi ya nusu karne na kila ununuzi umeacha mafunzo. Mtu wa Mugirango Kusini anaweza kuyachukua mafunzo hayo bure, walipaji kodi wenzake wakiwa wameshalipa ada.

Anza na adui. Wengi hukosea hapa hapa. Hukimbilia bei na rangi ya ndege, halafu siku ya kutia saini ndipo wanakumbuka kwamba hawana wa kumpiga. Adui mzuri ajulikane sura na asikike redioni. Muhimu zaidi, awe angalipo siku ndege zitakapofika.

Kenya ilipata adui wa daraja la kwanza Februari 1976, Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, kwa kuwa Waingereza waliikata kutoka huko mwaka 1902. Ukiifuata ramani ya kabla ya mwaka huo, ng'ombe wa Nyamarambe walikuwa wakila nyasi za Uganda bila kibali. Kufikia Juni, Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani, alikuwa ameshatua Nairobi, na habari ya ndege 12 aina ya F-5 ikapamba moto. Ndege zenyewe zilifika 1978, zikapewa makao Nanyuki. Aprili 1979 Amin akang'olewa Kampala. Waliomng'oa ni wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na sehemu kubwa ya safari hiyo ndefu kutoka Kagera waliipiga kwa miguu. F-5 zetu zikabaki Nanyuki zikiwa mpya, zinang'aa, na hazina wa kumpiga.

Kwa hiyo usichague dikteta mwenye makelele. Chagua mtulivu, aliyeizoea ikulu yake. Katika kanda hii hawakosekani.

Nyamarambe ina adui gani basi? Etago ndiyo inayokuja akilini upesi. Iko karibu, ina soko lake, na watu wake hawakubali kwamba chapati za Nyamarambe ni bora. Lakini hao hao wa Etago huja kwenye mazishi yetu, nasi huenda kwao. Ni vigumu kumshambulia mtu kutoka angani Jumatano, kisha Ijumaa mkae pamoja chini ya hema moja mkichangia jeneza. Adui mmoja wa kweli aliyewahi kuivamia nchi ya Wagusii kutoka nje alikuja Septemba 1914, Wajerumani walipotoka upande wa Tanganyika na kupigana na Waingereza hapo Kisii mjini. Nao walikuja kwa miguu. Vita vilipoisha, pande zote mbili zikarudi nyuma, wenyeji wakaingia madukani na kujitwalia walichotaka, na baadaye Waingereza wakarudi kuwatoza ng'ombe. Hata siku ile, hasara kubwa ya mwananchi ilitokana na serikali yake.

Ukikosa adui kabisa, usikate tamaa. Nenda moja kwa moja kwenye umuhimu wa kimkakati. Maneno haya matatu hayahitaji adui. Hayahitaji hata maelezo. Yanatamkwa polepole, mkono mmoja ukiwa mezani, na anayeuliza swali la pili anaonekana kama aliyetumwa na mtu.

Hapa mwalimu wetu mkuu ni Uganda. Mwaka 2011 Kampala ilinunua ndege sita aina ya Su-30MK2 kutoka Urusi kwa dola milioni 740 hivi, pamoja na silaha zake. Fedha zilitoka kwanza, bunge likaidhinisha baadaye, na utaratibu huo napendekeza muuige neno kwa neno: mbunge akiulizwa kuhusu pesa ambazo hazijatoka anaweza kusema hapana, lakini akiulizwa kuhusu zilizokwisha kutoka atasema lipi? Gavana wa Benki Kuu, marehemu Emmanuel Tumusiime-Mutebile, hakuificha sana kero yake. Aprili ya mwaka huo wananchi walikuwa barabarani wakitembea kwenda kazini kupinga bei ya chakula na mafuta, na kufikia Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umegonga asilimia 30. Siyo ndege peke yake zilizoleta hayo. Ukame ulikuwepo, na shilingi yao ilikuwa imelegea. Lakini anayetembea kilomita kumi kwa kukosa nauli, halafu juu yake ikapita ndege ya mamilioni ya dola, hapo umuhimu wa kimkakati ameuona kwa macho yake.

Su-30 inaweza kuruka kilomita 3,000 bila kuongeza mafuta. Ipaishe kutoka Entebbe kwa kasi yake kamili, na upande wowote utakaoelekea, rubani akipiga chafya mara mbili tatu atajikuta nje ya Uganda. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa kuyalinda mafuta yaliyogunduliwa karibu na Ziwa Albert mwaka 2006. Mafuta hayo wakati huo yalikuwa bado ardhini, mahali ambapo hata mwizi hodari angehitaji muda na mabomba.

Na tusisahau Migingo, maana ni ya jirani. Ukishuka kutoka Nyamarambe, ukapita Migori hadi ziwani, ukapanda boti, utafika kwenye jiwe la takriban nusu ekari lililofunikwa mabati, ambalo Kenya na Uganda wamelivutania hasa tangu miaka ya 2008 na 2009. Huu ndio mgogoro wa mpaka ulio hai kuliko yote kati ya nchi hizi mbili zenye ndege za kivita, na ndege hizo hazina kazi hapo. Bomu moja tu la ndege kubwa, kisiwa kimekwisha, na mtabaki mkigombania maji na sangara. Mambo ya Migingo yameamuliwa na polisi wachache wenye bunduki na boti, na wavuvi waliojua ni nani wa kumlipa.

Sasa muuzaji. Ndege mpya ni za wenye mafuta. Sisi wengine tunanunua zilizotumika. Kununua ndege kuukuu hakutofautiani sana na kununua Probox: muuzaji atakuambia ilikuwa ya mwalimu wa kike aliyeitumia kwenda kanisani tu. Ya Kenya ilikuwa ya mfalme. Mwishoni mwa muongo wa 2000 tulichukua F-5 zipatazo 15 kutoka Jordan, kwa takriban shilingi bilioni 1.5. Sifa nzuri ya ndege hizo ni kwamba marubani wetu walikuwa wanazijua. Sifa nyingine ni kwamba kiwanda cha Northrop kilikuwa kimeacha kuzitengeneza tangu 1987, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutuuzia toleo bandia.

Mwaka 2010 kamati ya bunge ya ulinzi na mambo ya nje, iliyoongozwa na Adan Keynan, ilianza kuuliza maswali: kwa nini ndege kongwe, kwa nini bei ile, na ni ngapi zinazoruka. Wizara ikautetea ununuzi wake. Jifunzeni kutoka kwa pande zote mbili. Mkiwa kamati, ulizeni kwa sauti kubwa wapiga picha wakiwepo. Mkiwa wizara, jibuni kwamba hayo ni mambo ya usalama wa taifa, kisha waalikeni waheshimiwa kambini wakajionee. Mtu akishapigwa picha akiwa amekaa ndani ya ndege ya kivita, maswali humpungua.

Nisiwaonee. F-5 zilifanya kazi. Kuanzia Oktoba 2011, majeshi yetu yalipoingia Somalia, ndege hizo zilirushwa dhidi ya al-Shabaab, na askari wa miguu aliyezingirwa porini hapendi utani wangu kuhusu umri wa injini. Lakini alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, kambi yetu ya El Adde huko huko Somalia ilipovamiwa, ndege zililipiza kisasi baadaye, na idadi ya vijana waliofia pale serikali haikuitangaza. Usiri ule ule uliofunika bei ya ndege ndio uliowafunika na wao. Hapa sina kejeli ya kuongeza.

Turudi sokoni. Kama F-5 hamzitaki, kuna njia ya Januari 2017, na kwa mkulima wa Nyamarambe hii ndiyo yenye utamu. Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya ndege 12 aina ya Air Tractor AT-802L pamoja na mbili za mafunzo, kwa makadirio ya dola milioni 418. Zikigeuzwa shilingi za wakati ule ni kama bilioni 43. Air Tractor asili yake ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Imepewa silaha na kamera, viti vikawekwa ngao, lakini ukiiondolea vazi la kijeshi ni ile ile ya kuua wadudu. Piga hesabu: kila moja ingegharimu kama ndege 30 za Jordan, ijapokuwa ndani ya bei hiyo kulikuwa na silaha, vipuri na mafunzo. Mbunge wa North Carolina, Ted Budd, akalalamika kwamba kuna kampuni ya jimboni kwake ambayo ingefanya kazi hiyo kwa bei nafuu, na biashara hiyo ikanyauka, ndege hazikuja.

Nasikitika mpaka leo, kwa sababu mwaka huo huo wa 2017 ndipo magharibi mwa Kenya ilipovamiwa kweli kweli. Viwavijeshi vya aina mpya, vilivyotoka Amerika, viliingia kwenye mahindi na kula moyo wa mmea kutoka ndani. Mkulima alikuwa akiamka asubuhi na kufunua jani moja moja, anamwaga majivu au mchanga penye kiwavi, na kumbe nchi yake ilikuwa kwenye mazungumzo ya kununua ndege za kunyunyizia dawa ili zikapige kitu kingine. Kama Nyamarambe itaagiza Air Tractor, naomba matangi yasiondolewe.

Lugha ya baraza nayo muijue mapema. Chifu atatangaza kwamba kata imepata ndege. Watu watapiga makofi, kwa kuwa kupiga makofi hakuna ushuru. Kisha mzee mmoja wa nyuma, kofia mkononi, atasimama.

"Chifu, samahani. Hiyo ndege itatua wapi?"

"Mzee wangu, hayo ni mambo ya usalama."

"Nauliza tu, kwa sababu barabara ya kwetu hata pikipiki ikinyesha haipandi."

"Yatashughulikiwa, baba. Mwenye swali lingine?"

Mama mmoja atataka kujua kama ndege hiyo inaweza kuleta mbolea ya ruzuku kabla ya mvua badala ya baada. Msimkatize. Mwambieni, "Mama, pendekezo zuri, tutalipeleka mbele," kisha chifu aombe sala ya kufunga.

Swali la mzee lina uzito hata hivyo. Kiwanja cha ndege kilicho karibu ni Suneka, kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, ambacho wanasiasa wamekiahidi upanuzi kwa muda mrefu. F-5 ikiwa na kasi ya mara 1.6 ya mwendo wa sauti ingetoka Nanyuki na kuwa juu ya Nyamarambe kwa takriban dakika kumi. Rubani akitua Suneka na kutaka kuja Nyamarambe kunywa chai, atapakiwa kwenye gari la abiria, watu wanne kiti cha mbele, na dakika hizo kumi zitakwisha kabla gari halijajaa. Kimkakati, hili lina faida: adui akija kwa barabara naye atachelewa vivyo hivyo.

Marubani si tatizo. Kila mwaka usajili wa KDF ukitangazwa, vijana hujaa uwanjani kabla ya jua kuchomoza, wanakimbia, wanapimwa urefu, wanafunguliwa midomo wahesabiwe meno. Kwa askari wa kawaida wanataka alama ya D na, kwa mwanamume, kilo 54.55. Nani aliyeipima ile 0.55 sijui, lakini wapo waliokunywa maji lita mbili kwa ajili yake.

Shida kubwa ya ndege za kivita, na hii wauzaji hawaiandiki kwenye karatasi zao, ni kwamba zinahitaji kulindwa dhidi ya wenyewe. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walijaribu kuipindua serikali ya Daniel arap Moi. Kule Nanyuki waasi waliwashika marubani wa F-5, wakapakia mabomu kwenye ndege, wakawaamuru wakapige Nairobi. Marubani wakapaa, lakini mabomu wakayatupa kwenye msitu wa Mlima Kenya na kurudi. Fikiria: ndege zilizonunuliwa kumzuia Amin asiichukue nchi ziliruka na mabomu ya kuipiga nchi yenyewe, na kilichotuokoa siyo rada wala kombora. Ni marubani waliokuwa na akili timamu na wakajifanya wanatii. Jeshi zima la anga likavunjwa. Lilipoundwa upya likaitwa '82 Air Force, na jina la Kenya Air Force halikurudi hadi 1994. Moi alikaa madarakani mpaka 2002, na nadhani katika miaka yote hiyo hakuna ndege ya nchi ya kigeni iliyomnyima usingizi kama zile za kwake.

Nyamarambe ichukue tahadhari. Ufunguo wa ndege akae nao mtu mmoja, mafuta akae nayo mwingine, na wawili hao wasiwe wa ukoo mmoja. Najua kwamba kwa mpangilio huu ndege haitaruka hata siku ya dharura, lakini historia inasema dharura yenyewe mara nyingi ndiyo ndege kuruka.

Kuhusu shabaha, msiwe na matarajio makubwa. Machi 1979, Muammar Gaddafi akimsaidia rafiki yake Amin, alituma ndege ya kivita ya Kirusi aina ya Tu-22 kuipiga Mwanza. Ilikuwa ndege kubwa, yenye kasi kuliko sauti, fahari ya jangwa. Ikaukosa mji na kuangusha mabomu kwenye hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Waliouawa ni swala. Na zaidi ya wiki moja baadaye Kampala ikaanguka hivyo hivyo.

Basi kama adui haji, akija anakuja kwa miguu, mabomu yanaangukia swala na uwanja uko Suneka, kazi ya ndege ni ipi? Ni kuonekana. Kila sikukuu ya taifa watu hutazama juu, watoto huziba masikio, na mtu ambaye hajapata maji ya bomba tangu azaliwe husema kwa furaha, "Hizo ni zetu." Sikukuu ya Mashujaa ya 2020 ilipoletwa Gusii Stadium, uwanja ulipigwa rangi na kukarabatiwa upesi kuliko kawaida ya serikali, na kesho yake, kwenye ikulu ndogo ya Kisii, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakapokea ripoti ya BBI, ule mpango wa kubadili katiba, ambayo nayo ilikuwa na umuhimu wa kimkakati hadi mahakama zilipoisoma.

Kwa kuonekana tu, hatuhitaji Jordan wala Urusi. Tabaka iko hapa karibu, na mafundi wake wanachonga mawe laini ya Kisii yanayouzwa dunia nzima: viboko, twiga, sahani, bao, familia nzima zimekumbatiana. Mpelekeeni fundi picha ya F-5. Atauliza mabawa yawe mapana kiasi gani, kwa sababu jiwe likichongwa jembamba linakatika, na atawashauri muyafupishe. Kubalini, zile halisi nazo mabawa yake ni mafupi. Ataisugua kwa msasa na maji, halafu nta, mpaka ing'ae. Ikimalizika, iwekeni kwenye kilima chenye kuonekana kutoka Etago, pua ikielekea huko lakini siyo sana. Haili mafuta, haihitaji rubani wa kushikwa na waasi, na kamati ikiuliza kama inaruka, jibu la wizara ni lile lile. Bei mtapatana, maana fundi wa Tabaka hana wakala wa kulipwa asilimia kumi, labda yule mwenye pikipiki aliyewaonyesha njia.

Agizeni mbili lakini. Ya pili ni ya vipuri.